Karura: msitu wa umma, mlango wa kulipia

(Nakala ya mazungumzo. Wasimulizi: Mwanaisha na Otieno)

OTIENO: Karibuni tena. Kipindi kilichopita tulitaja misitu ya umma, na simu yangu haijapumzika tangu hapo. Watu wanauliza, kama ni ya umma, mbona pale mlangoni natoa pesa?

MWANAISHA: Swali zuri hilo, usilikimbie. Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, inasema misitu ya serikali ni ardhi ya umma. Mwenye mali ni sisi wananchi, serikali imeshikilia kwa niaba yetu. Sasa mwenye mali anakatiwa tikiti aingie kwake? Nieleze, maana mimi mtu wa Malindi, kwetu msitu ulikuwa unaingia tu.

OTIENO: Nitaeleza, lakini nikianza na tikiti sitafika. Acha nianze na kwa nini kuna msitu wa kukatiwa tikiti. Leo ni Karura, kwa wale wasioijua: iko kaskazini mwa Nairobi, katikati ya barabara ya Limuru na ya Kiambu, kama hekta 1,000 na kidogo. Ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya msitu mwaka 1932. Ukitoka mjini na matatu ya Limuru Road, hata kitabu hujakifungua vizuri umefika.

MWANAISHA: Ikiwa hakuna foleni.

OTIENO: Ikiwa hakuna foleni. Sasa, miaka ya tisini ile ardhi iligawanywa kimyakimya. Sehemu kubwa ilishaandikwa majina ya watu na kampuni kwenye makaratasi, wakati miti bado imesimama. Wananchi walishtuka walipoona matingatinga. Oktoba 1998 waandamanaji wakaingia, mitambo ya ujenzi ikachomwa moto. Halafu tarehe 8 Januari 1999, Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, akaenda na wenzake kupanda miche tu, miche, wakavamiwa na watu waliokodiwa kulinda pale. Alipigwa kichwani. Alikwenda kituo cha polisi damu inamtoka, na taarifa yake akaitia alama kwa damu hiyo hiyo.

MWANAISHA: Mama yule. Mwenyezi Mungu amrehemu.

OTIENO: Kelele zilifika hadi Umoja wa Mataifa, na ofisi zao za Gigiri ziko hapo hapo kando ya msitu, kwa hiyo hawangeweza kujifanya hawajasikia. Wanafunzi wa vyuo nao wakaingia barabarani. Agosti mwaka huo huo, Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Tuzo ya Amani ya Nobel ya Maathai ilikuja 2004.

MWANAISHA: Hapo ndipo watu wengi wanapomalizia hadithi. Mama alipigana, msitu ukaokoka, makofi. Lakini wewe uliishi Nairobi miaka ile iliyofuata. Ulikuwa unakwenda Karura?

OTIENO: Nani? Mimi? Weh! Karura ulikuwa unaipita ukiwa ndani ya gari, vioo juu. Ilikuwa inajulikana kwa wizi na kwa maiti zilizookotwa humo. Msitu umeokolewa, ndiyo, lakini hakuna mtu ndani isipokuwa mkata kuni na mwizi. Na hili ndilo langu la leo, Mwanaisha: msitu usio na watu unaibiwa upya. Mnyakuzi anapenda mahali ambapo hakuna anayepajua. Ukichora mstari kwenye ramani ya mahali hapo, nani ataona?

MWANAISHA: Kwa hiyo unasema kilichoilinda Karura baada ya Maathai ni watu wa raba na kaptura?

OTIENO: Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Sheria ya Misitu ya 2005 ilifungua mlango: jamii zinazopakana na msitu zikaruhusiwa kuunda chama na kuusimamia pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Kuanzia 2009 Friends of Karura, chama cha jamii ya hapo, wakajipanga. Ukajengwa ua wa umeme kuzunguka msitu. Vijana wa kijiji cha Huruma, pale pale mpakani, wakaajiriwa kuwa maskauti, yaani walinzi wa msitu. Hao walikuwa wanaijua Karura kuliko mtu yeyote, kila kichaka. Njia zikafyekwa, na kwenye kila makutano pakasimamishwa nguzo yenye namba.

MWANAISHA: Hizo nguzo ndizo nilizozipenda mimi. Maana msitu ule wote unafanana, unageuka mara mbili hujui Limuru Road iko wapi. Lakini unapiga simu, "niko namba fulani", na mwenzako anakukuta. Au umeteguka mguu, mlinzi anajua pa kukufuata bila wewe kuanza kumweleza kuna mti mkubwa umeinama.

OTIENO: Kuna watu hudhani kutengeneza njia ni kufyeka tu. Hebu nenda baada ya mvua za Aprili utazame. Udongo wa kule ni mwekundu, wa mfinyanzi, ukilowa unashika kiatu mpaka unatembea na kilo mbili kila mguu. Njia ikishuka moja kwa moja na mteremko, maji yanaifanya mfereji. Msimu wa kwanza ni mchirizi, wa pili mizizi iko nje, wa tatu hiyo si njia tena, ni korongo.

MWANAISHA: Dawa yake?

OTIENO: Njia ikate mteremko kwa ubavu, isishuke nao. Na kila baada ya hatua kadhaa unalaza gogo au unachimba kijifereji cha kukatiza, kimeinama kidogo, maji yatoke pembeni kabla hayajapata nguvu. Ukikanyaga vile vigogo vilivyolazwa, usilalamike vinakukwaza. Ndivyo vinavyoishikilia njia.

MWANAISHA: Na matope?

OTIENO: Pita katikati! Haki ya nani, hapa ndipo ninapogombana na watu. Mtu ana viatu vipya, anaona tope, anapita pembeni kwenye majani. Anayemfuata anapita pembeni zaidi. Mwezi ukiisha njia ya mita moja imekuwa ya mita nne, na miche yote ya pembeni imelala. Viatu vinaoshwa.

MWANAISHA: Sasa hapo umenipa mimi nafasi. Umesema miguu inalinda, halafu umesema miguu inaharibu.

OTIENO: Nimesema yote mawili.

MWANAISHA: Basi sikiliza ya kwetu Pwani. Kuna kaya. Misitu mitakatifu ya Wamijikenda, UNESCO wameitia kwenye urithi wa dunia tangu 2008. Kaya Kinondo iko Kwale, karibu na Diani. Ukitaka kuingia, unaingia na mwenyeji, unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, na unaambiwa masharti: usichume kitu, hata jani kavu usitoke nalo. Kubusiana humo marufuku. Msitu wenyewe mdogo, unauzunguka kwa muda mfupi tu. Na umedumu karne na karne bila ua wa umeme na bila mtu kukimbia humo asubuhi na vipaza masikioni.

OTIENO: Lakini umedumu mdogo. Na kaya ngapi zimemegwa, zikauzwa kwa mahoteli?

MWANAISHA: Zimemegwa, sikatai. Lakini zilimegwa pale heshima ilipokwisha, si kwa sababu hapakuwa na watalii. Wazee walinda kwa mwiko, nyinyi mwalinda kwa kiingilio. Mwiko hauombi bajeti.

OTIENO: Na mwiko haumtishi mtu aliyetoka mbali na hati miliki mkononi.

MWANAISHA: Ee, hilo nakupa. Lakini nina la pili. Arabuko-Sokoke, msitu wetu mkubwa, zaidi ya hekta 40,000, kati ya Kilifi na Malindi. Miaka ya tisini mwanzoni wakulima wengi waliouzunguka walitaka ukatwe wapewe mashamba, na usiwalaumu, tembo walikuwa wanatoka humo wanawalia mahindi. Njia za kutembea zilikuwepo. Gari za watazama ndege zapita, mavumbi, basi. Kilichowageuza wengi si njia. Ni vipepeo.

OTIENO: Vipepeo?

MWANAISHA: Mradi wa Kipepeo pale Gede, tangu 1993. Mkulima anafuga viwavi nyumbani kwake, kwenye kibanda cha wavu, anawalisha majani ya miti ya msituni. Wakishajifunga kwenye ganda, kabla hawajawa vipepeo, anawapeleka Gede, wanasafirishwa Ulaya kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo, wanatokea huko. Mti ukikatwa, jani hakuna. Jani likikosekana, kipepeo hakuna, ada ya shule hakuna. Sasa mwambie mama yule wa Gede akate mti.

OTIENO: Hiyo sina jibu. Isipokuwa nitasema, Nairobi hakuna mtu atakayelinda hekta 1,000 kwa vipepeo wakati kipande cha ukubwa wa uwanja wa mpira kinatosha kumtajirisha mtu na wajukuu wake. Bei ya ardhi ya pale ndiyo adui, na adui wa aina hiyo anahitaji macho mengi. Ndio maana kila wanapozungumzia kupanua barabara ya Kiambu kwa kukata ukingo wa msitu, watu wanapiga kelele siku hiyo hiyo. Wanajua ni miti ipi. Walipita hapo Jumamosi.

MWANAISHA: Haya, turudi kwenye tikiti, usinisahaulishe.

OTIENO: Kwa miaka mingi mwananchi alikuwa analipa kama shilingi 100, mgeni zaidi. Pesa hizo ndizo zililipa maskauti, zikatengeneza ua, na zikang'oa mikaratusi na kupanda miti ya asili. Maana kumbuka, sehemu kubwa ya Karura ilikuwa imepandwa mikaratusi na wakoloni, kuni za magari moshi. Anayedhani pale ni msitu wa tangu Adamu amekosea, nusu yake ilikuwa shamba la kuni.

MWANAISHA: Na mwaka 2025 pesa hizo hizo zikaleta mtafaruku.

OTIENO: Zikaleta. Serikali ikataka malipo yote yapitie eCitizen, mfumo wake wa malipo ya mtandaoni, yaingie kwa KFS, wakati awali chama cha jamii kilikuwa na mkono katika ukusanyaji na matumizi. Friends of Karura wakaenda mahakamani. Mimi msimamo wangu ni huu: shilingi ikikusanywa Karura, kijiti kilichooza cha daraja la Karura kisisubiri bajeti ya taifa. Nani anashika kitabu cha risiti, hilo wagombane.

MWANAISHA: Mimi wasiwasi wangu ni mwingine. Shilingi 100 kwako si kitu. Kwa mama wa Huruma mwenye watoto watano, na nauli, na maji, ni chakula cha jioni. Msitu ukiwa salama kwa sababu masikini hawauingii, hiyo ni bustani ya matajiri yenye jina la umma. Nimeona pale: magari ya milioni nyingi yamejaa uwanja wa kuegesha, mbwa wanakunywa maji ya chupa.

OTIENO: Mbwa wa Gigiri, waache.

MWANAISHA: Nacheka, lakini nasema kweli. Maathai hakupigwa kichwani kwa ajili ya mbwa.

OTIENO: Kweli. Wakati ule chama kilikuwa kinaruhusu akina mama kuokota kuni zilizoanguka kwa utaratibu, na shule zinakuja. Yatosha? Hayatoshi. Siku za bure kwa wanaoishi mpakani, mimi naunga mkono kwa mikono miwili.

MWANAISHA: Tumekubaliana jambo, andikeni. Sasa msikilizaji anayekwenda mara ya kwanza aone nini?

OTIENO: Ashuke kwenye maporomoko ya maji, ngazi zipo, zinateleza. Karibu na hapo kuna mapango ambayo Mau Mau walijificha. Usiingie ukipiga makelele, popo wapo, na si popo tu, ni mahali watu walilala na njaa na woga. Ukinyamaza utaona paa mdogo, suni, kama mbuzi mchanga, anasimama anakutazama halafu hayupo. Juu mitini tazama mbega weupe kwa weusi. Hao walirudishwa, walitolewa Kipipiri ambako walikuwa wanagombana na wakulima.

MWANAISHA: Na muhugu! Mimi nilifurahi kuukuta muhugu Nairobi, maana ndio mti wa wachonga vinyago wetu, na Arabuko uko pia. Ule mgumu, wenye harufu nzuri ukikatwa. Umepungua sana kwa sababu ya vinyago hivyo hivyo. Mtu anunue twiga wa mti kwenye duka la uwanja wa ndege asijue ametoka kwenye mti uliochukua miaka mingapi kunenepa.

OTIENO: Vitu vya kubeba: maji kwenye chupa ya chuma au ile ya kudumu. Chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku kwenye misitu na mbuga tangu Juni 5, 2020, mlangoni watakunyang'anya. Mbwa kwenye kamba. Kima hawapewi ndizi, hata wakikutazama kwa huruma.

MWANAISHA: Hasa wakikutazama kwa huruma. Na baiskeli?

OTIENO: Zipo za kukodi, na zina njia zake. Ukiwa kwa miguu kwenye njia ya baiskeli, kaa upande mmoja, toa kipaza kimoja sikioni usikie kengele.

MWANAISHA: Basi, wiki ijayo zamu yangu. Nakupeleka Arabuko ukamuone sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu. Mnyama kama sungura, pua kama mkonga, na hakuna mahali pengi duniani anapopatikana ila ukanda huo wetu.

OTIENO: Kuna tikiti?

MWANAISHA: Ipo. Na utalipa wewe, wa Nairobi.