Maji na Watu: Kijiji cha Hiware Bazar

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nataka tukitazame kijiji kimoja tu, Hiware Bazar, katika jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India. Ardhi yake ni karibu hekta 1,000, na wakazi katika sensa ya 2011 walikuwa wapatao 1,200.

Tuanze na upepo. Kusi mnaifahamu, ndiyo iliyopeleka majahazi Bara Hindi. Ikifika Maharashtra imebeba mvuke, hugonga milima ya Western Ghats na kumwaga mvua upande wa bahari. Hiware Bazar kiko nyuma ya milima hiyo, upande wa bara. Mvua yake ya mwaka mara nyingi haizidi milimita 400, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Juni na Septemba. Miezi hiyo ikipita kavu, basi tena mpaka mwakani.

Vilima vilikatwa miti, visima vikakauka, watu wakaenda mijini kutafuta vibarua. Mwaka 1989 wakamchagua Popatrao Pawar kuwa sarpanch, yaani mkuu wa halmashauri ya kijiji. Kwa msaragambo wakachimba mitaro kukingama vilima.

Hapa naomba tusimame kidogo. Mtaro wenyewe ni mfupi, hauna kina, nao hufuata kimo kilekile cha mteremko. Maji yakianguka juu ya kilima kilicho uchi hukimbia bondeni na udongo wake. Yakikutana na mtaro hutulia, huzama taratibu, na baadaye huibukia kisimani. Mifugo nayo ikazuiwa kuzurura kilimani. Nyasi zikakatwa kwa mundu na kubebwa hadi zizini. Maziwa, yaliyokuwa lita 150 kwa siku, yakafika 4,000.

Kinachonigusa zaidi ni hesabu yao. Kila mwaka mvua ikiisha, kijiji hupima maji yaliyopatikana, kisha huyagawa: kwanza ya kunywa watu na mifugo, halafu ya mashamba. Miwa na migomba wamepiga marufuku, maana inakunywa kupita kiasi. Visima virefu vya mashine haviruhusiwi kwa umwagiliaji, kwa sababu cha mmoja hukausha cha jirani.

Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wa jiografia: msiandike idadi ya watu ukurasa huu na mvua ukurasa ule. Kati ya 1992 na 2002, kaya 40 zilizokuwa zimehamia mijini zilirudi Hiware Bazar, zikalima vitunguu na viazi.