Nionyeshe Filtri ya Zamani

Mhadhara uliotolewa Lubumbashi mbele ya wenye magari ya spoti na mafundi vijana

Aksanti. Kaeni, kaeni. Wanaonijua wameshaanza kucheka kwa sababu wanajua nitakachosema. Chekeni tu. Nimelisema mtaa wa Kamalondo, nimelisema mtaa wetu wa Kenya, nimelisema hata matangani, na sitanyamaza hadi mtu mmoja wa mji huu asimame garajini na kusema: fundi, nionyeshe filtri ya zamani.

Mmeniita niamue ugomvi wenu: gari la spoti lipelekwe kwa konsesioneri, yaani wakala rasmi wa kiwanda, au kwa fundi wa mtaani? Naona hata kukaa mmekaa kwa makundi. Wa konsesioneri mko mbele na viatu vyenu, wa garaji mko nyuma karibu na mlango. Mnabishana juu ya mlango wa kuingilia, na mkono utakaoshika spana hakuna aliyeuuliza.

Nina Porsche 911 ya mwaka 2001, ile ambayo kiwanda huiita 996. Niliinunua Afrika Kusini ikiwa imetumika, nikaipitisha Kasumbalesa, na kwa siku tatu za mpakani nilizeeka miaka miwili. Ndiyo, usukani uko kulia. Hilo tutagombana siku nyingine.

Mwaka uliofuata niliirudisha kusini kwa konsesioneri, karibu kilomita 2,000, kwa sababu mimi pia nilikuwa muumini wa muhuri. Pale unangojea kwa kahawa, na sakafu inang'aa kuliko sahani zetu za harusi. Nikapewa ankara ya kurasa mbili: mafuta, filtri, plagi, ukaguzi. Kitabu cha matengenezo kikapigwa muhuri. Nikarudi nyumbani nikijiona mtu.

Sasa sikilizeni. Kabla ya safari ile, fundi wangu wa hapa alikuwa ameweka filtri mpya, lile chujio la mafuta ya injini, na ana tabia yake moja: huandika tarehe kwenye kichwa cha filtri kwa kalamu ya wino mzito. Tulimcheka sana kwa tabia hiyo. Miezi sita baada ya muhuri, akalala chini ya gari, akafungua kikombe cha filtri, akanyamaza. Kisha akaniita kwa kidole. Tarehe ni ile ile. Mwandiko ni wake, hata saba yake yenye mkia.

Mnacheka? Mimi sikucheka. Na sikulilia bei ya filtri, filtri ni dola chache. Fundi aliikata kwa kisu, akaitandaza karatasi yake juu ya gazeti kama mama anayechambua mboga za lengalenga. Katikati ya mafuta meusi kulikuwa na chembe zinazometa. Akapitisha sumaku, zikarukia. Aluminiamu haifuati sumaku, chuma hufuata. Beringi ilikuwa inaliwa.

Mafundi mnaijua habari hii, wengine nipeni nusu dakika. Injini za 911 ya kawaida na za mdogo wake Boxster za miaka ile zina shafti ya kati, ile inayozungusha minyororo ya vali, na mwisho wake, upande wa giaboksi, kuna beringi iliyozibwa. Mafuta ya injini yakipenya na kuiosha grisi yake, inaanza kulika. Ikivunjika, minyororo inapoteza mpangilio, vali zinagongana na pistoni, na hapo unanunua injini. 911 za Turbo na GT3 za wakati ule hazina ugonjwa huu, na kuanzia modeli za 2009 injini mpya haina shafti hiyo kabisa. Beringi hubadilishwa siku ya klachi, ambreyaji kama tunavyosema hapa, kwa sababu giaboksi imeshashushwa. Ni kazi ndogo. Lakini chuma kikishatembea ndani ya mafuta, kubadilisha beringi peke yake ni kujidanganya: injini yote inafunguliwa na kuoshwa kipande kwa kipande. Yangu ilikaa juu ya matofali miezi mitatu. Watoto wa jirani wakawa wanaficha mpira wao chini yake. Bwana wa muhuri angeifungua filtri ile siku yake, labda ningelipa klachi na beringi, basi.

Na dawa ya ugonjwa huo ilitoka kwa nani? Kiwanda hakikuwa kinauza beringi ile peke yake. Beringi mbadala zililetwa na watu wa nje ya kiwanda, kama LN Engineering ya Marekani. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ujuzi wote umefungiwa kwa konsesioneri.

Lakini nyie wa nyuma, msipige makofi! Kuna kijana wa garaji alimwagia gari kama langu lita nne na nusu za mafuta kwa sababu ndivyo anavyoifanyia Corolla. Injini ile inataka lita nane na kidogo. Nikamuuliza, umesoma wapi? Akasema, "Papa, gari ni gari." Huyo huyo hukaza bolti za magurudumu kwa kuruka juu ya spana, wakati kitabu kinasema Nm 130, na ufunguo wa kupimia nguvu hiyo unauzwa. Fundi asiye na kitabu cha gari lako hata awe shemeji yako, mpe bukari, ugali wetu, usimpe funguo.

"Na garantii?" Nilijua utauliza, papa wa shati jeupe. Gari lako lina miaka mingapi? Kumi na minane. Basi garantii imeshakufa na matanga yameisha. Kule Ulaya, tangu sheria ya 2002, mtengenezaji hawezi kukunyima garantii kwa sababu tu ulimpelekea fundi huru, mradi amefuata maagizo ya kiwanda. Wenye gari jipya kabisa, someni mkataba wenu, mimi sikuuona.

Konsesioneri namwendea kwa mambo mawili. Kwanza, kabla ya kununua: mashine yake inasoma kwenye kompyuta ya injini mara ngapi mwenye gari wa zamani aliizungusha kupita kiasi, na muuzaji hawezi kuyafuta hayo kwa sabuni. Pili, magari yanayoitwa na kiwanda yarudi kurekebishwa. Mifuko ya hewa ya usalama (airbag) ya kampuni ya Takata, ile ambayo kilipuzi chake huharibika kwa joto na unyevu, ilikuwa kwenye Subaru, Toyota, Nissan na wengine wengi. Hubadilishwa bure. Chukua namba ya chasi, uliza.

Wananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya vumbi letu, maana filtri ya hewa haijui kwamba kitabu kiliandikwa Ujerumani. Kiangazi cha hapa ifungueni mapema. Mafuta ya breki kila miaka miwili, yananyonya maji hata gari likiwa limelala. Petroli ya kadhafi, ile ya wachuuzi wa barabarani, kwenye injini ya turbo… basi, hilo tuliache, nitakasirika.

Maswali tutaulizana nje. Na mwenye Subaru ya bluu iliyoziba geti, nenda kaisogeze. Ukifika, acha boneti wazi. Nakuja na sumaku.