Ukaguzi wa Lazima wa Pikipiki: Kigezo Kiwe Nini?

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nieleze iwapo kuna faida ya kuilazimisha pikipiki ikaguliwe kila baada ya muda fulani, nami nitaanzia Ufaransa, ambako mabishano hayo yalifika mahakamani.

Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014 lilitaka pikipiki zenye injini inayozidi sisi 125 (cc, yaani sentimita za ujazo) zikaguliwe kuanzia tarehe 1 Januari 2022, isipokuwa katika nchi zenye hatua nyingine madhubuti za usalama barabarani. Serikali ya Ufaransa ilitoa amri ya ukaguzi Agosti 2021, ikaisimamisha ndani ya siku chache, kisha ikaifuta Julai 2022. Tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo, mahakama ya juu ya utawala ilibatilisha ufutaji huo, na ukaguzi ukaanza tarehe 15 Aprili 2024. Huko pikipiki hukaguliwa kwanza ikikaribia kutimiza miaka 5, na baadaye kila miaka 3. Ikikutwa na kasoro kubwa, mwenyewe hupewa miezi 2 airekebishe. Kasoro ikiwa ya hatari, kibali cha kuiendesha hukoma saa sita usiku wa siku hiyohiyo.

Waendeshaji walioupinga ukaguzi walisema kuwa ubovu wa chombo husababisha ajali chache sana. Hoja hiyo ina uzito, lakini haigusi jambo moja: breki huisha kidogo kidogo na beringi za usukani hulegea polepole, hata anayeipanda pikipiki ileile kila siku akazoea kubana breki kwa nguvu zaidi bila kutambua kwamba sasa inachelewa kusimama. Mkaguzi hana mazoea hayo, yeye hupima. Uingereza, ambako ukaguzi ni wa kila mwaka pikipiki ikishatimiza miaka 3, mifereji ya tairi hutakiwa iwe na kina kisichopungua milimita 1 katika robo tatu ya upana wa sehemu inayokanyaga barabara.

Ninachokipinga ni kigezo cha ukubwa wa injini. Japani haizikagui pikipiki zisizozidi sisi 250, na Ulaya iliweka mpaka kwenye 125. Ufaransa ilifanya vyema kujumuisha hata skuta za sisi 50. Bodaboda zetu nyingi zina sisi kati ya 100 na 150, kwa hiyo tukinakili mipaka hiyo tutaziacha nje pikipiki nyingi zinazobeba abiria kutwa nzima. Wala miaka 5 haitufai, maana kwa bodaboda muda huo ni karibu umri wake wote wa kazi.

Napendekeza pikipiki ya abiria ikaguliwe kila mwaka, au mapema zaidi ikifikisha kilomita zitakazowekwa na sheria. Kituo cha ukaguzi kiwe karibu na vijiwe, ili dereva asipoteze siku ya kazi, na ada ilipwe na mmiliki anayepokea hesabu, si kijana anayeitafuta.