Kiti cha Mtemi Kilipobaki Kitupu: Uhuru wa Ufini, 1917

Ndugu wasikilizaji, uhuru wa Ufini ulianza na swali la kisheria. Tangu 1809 nchi hiyo ilikuwa utemi mkuu chini ya Tsar, mfalme wa Urusi, ambaye ndiye alikuwa mtemi wake; ilikuwa na Seneti, yaani serikali yake ya ndani, na sheria zake, na kuanzia 1860 hata sarafu yake, markka. Machi 1917 Tsar Nikolai II akajiuzulu. Je, mamlaka ya mtemi yanarithiwa na nani?

Serikali ya Mpito iliyoshika nafasi ya Tsar mjini Petrograd, mji mkuu wa Urusi, ikasema ni yake. Julai, Bunge la Wafini likapitisha sheria ya kujitwalia mamlaka yote isipokuwa jeshi na mambo ya nje, Petrograd ikalivunja. Kwenye uchaguzi wa Oktoba wasoshalisti wakashuka kutoka viti 103 hadi 92 kati ya 200. Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi chini ya Lenin, walipoipindua Serikali ya Mpito, Bunge jipya likajitangaza tarehe 15 Novemba kuwa lenye mamlaka ya juu.

Tarehe 6 Desemba Bunge likapiga kura ya kutangaza uhuru: 100 kwa 88. Hapa naomba tutulie. Wale 88 hawakuukataa uhuru. Walitaka upatikane kwa makubaliano na Urusi. Na kweli, Uswidi na Ujerumani zilijibu kwamba Urusi itangulie kuutambua uhuru huo. Svinhufvud, kiongozi wa Seneti, hakupenda kabisa kuwaandikia Wabolsheviki, maana kuandika ni kuwatambua. Ilibidi. Barua ikaelekezwa rasmi kwa Baraza la Makomisari wa Umma, yaani serikali ya Lenin, naye akaipeleka mwenyewe. Usiku wa 31 Desemba ujumbe wake ulisubiri ukumbini Smolny, makao ya serikali hiyo Petrograd, mpaka karatasi ya kuutambua uhuru ikatoka, imetiwa saini na Lenin, Trotsky, Stalin na wenzao. Ilithibitishwa 4 Januari 1918, na siku hiyohiyo Uswidi, Ufaransa na Ujerumani zikaitambua Ufini.

Karatasi ilikuwapo, lakini nguvu ya kuisimamia haikuwapo. Jeshi la Wafini lilikuwa limevunjwa na Urusi mwanzoni mwa karne; polisi wa Tsar nao waliondolewa Machi 1917. Pengo hilo likajazwa na vikosi viwili vya wananchi, Wekundu wa upande wa wasoshalisti na Weupe wa upande wa Seneti, kila kimoja kikisaka bunduki zake. Mwishoni mwa Januari vita vikalipuka. Vilipoisha Mei, zaidi ya watu 36,000 walikuwa wamekufa au walikuwa njiani kufa: zaidi ya 12,000 kati yao ni wafungwa Wekundu walioteketea kambini kwa njaa na maradhi, wengi wao baada ya risasi kunyamaza.