Waziri kabla ya kiti cha magurudumu

Naomba simu ziwekwe chini kidogo. Nikitaja Bouteflika, vijana mnamwona mzee kwenye kiti cha magurudumu, hasemi, na kwenye hafla za serikali inabebwa picha yake kwenye fremu. Sawa. Huyo ni rais wa Algeria aliyeachia ngazi Aprili 2019 baada ya watu kujaa barabarani. Mimi leo sina habari naye. Nina habari na waziri aliyekuwa kabla ya hapo.

Alizaliwa Oujda, upande wa Morocco, mwaka 1937. Uhuru wa 1962 ulimkuta na miaka 25, akapewa vijana, michezo na utalii. Mwaka uliofuata waziri wa mambo ya nje, Mohamed Khemisti, akapigwa risasi akafariki, na kiti kikaenda kwa kijana huyu. Hakushuka hadi 1979. Rais Ben Bella alitaka kumtoa mwaka 1965. Juni 19 aliyetolewa ni Ben Bella mwenyewe, na waziri wake wa ulinzi, Boumediene, akashika nchi.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hili nimelisema mpaka wenzangu idarani wananikimbia. Tangu 1970 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa likikataa hati za ujumbe wa Afrika Kusini, yaani karatasi za kuwatambulisha wawakilishi wake. Na kila mwaka makaburu walibaki vitini. Kwa nini? Kwa sababu Edvard Hambro wa Norway, aliyekuwa rais wa Baraza mwaka 1970, aliamua kwamba kukataa hati ni karipio tu. Unamwambia mgeni hatukukualika, huku unampakulia wali!

Mwaka 1974 rais wa Baraza ni Bouteflika, miaka 37. Oktoba 30, Kenya, Kamerun, Mauritania na Iraq wanataka Baraza la Usalama liifukuze Afrika Kusini. Kura 10 zinaunga mkono. Marekani, Uingereza na Ufaransa zinapiga kura ya turufu, ya kuzuia azimio, zote tatu kwa pamoja, jambo ambalo hadi siku hiyo lilikuwa halijapata kutokea. Watu wakadhani mchezo umekwisha.

Novemba 12 akaulizwa, kama rais wa kikao, kukataa hati kuna maana gani. Akajibu: maana yake ujumbe huu haushiriki kazi za Baraza Kuu. Basi! Marekani ikapinga uamuzi wake, ikapigwa kura: 91 wakasimama naye, 22 wakampinga, 19 hawakuegemea popote.

Namwona mwanasheria wangu pale nyuma anakunja uso. Najua, ndugu yangu, kifungu cha 5 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinasema kusimamisha haki za mwanachama kunahitaji pendekezo la Baraza la Usalama. Hoja yako ina uzito, na Wamarekani waliisema siku ileile. Lakini tazama alichogusa na alichoacha. Uanachama hakuugusa, Afrika Kusini ilibaki mwanachama. Alichofunga ni mlango wa ukumbi ambao yeye ndiye mwenye kiti chake, na haukufunguliwa mpaka 1994. Miaka 20, ndugu yangu! Mabalozi wetu wengi kanuni za uendeshaji wa vikao wanawaachia makarani. Yeye alizisoma.

Kesho yake, Novemba 13, Arafat, kiongozi wa Wapalestina, akahutubia ukumbi huohuo. Hilo peke yake ni mhadhara, silianzi.

Mengine nayapita mbio. Machi 1975, Shah wa Iran na Saddam Hussein wanapatana mjini Algiers. Desemba, gaidi Carlos anatua uwanjani Algiers na mateka wa OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, na anayetoka kuzungumza naye ni waziri huyuhuyu. Desemba 1978 Boumediene anafariki, Bouteflika anasoma tanzia kaburini, na kiti cha urais wanapewa wengine.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka tuzungumze mwaka 1983, Mahakama ya Hesabu ya Algeria ilipomtia hatiani kwa fedha za ofisi za ubalozi, na msidhani naikwepa. Anayetaka aniulize. Ila atakayeanza na kiti cha magurudumu, namwomba akae.