Mwaka wa Kujifunza Kusema "Leo Hachezi": Mhadhara kwa Madaktari Wanaofikiria Ubobezi wa Tiba ya Michezo

Madaktari wenzangu, asanteni kwa kufika. Wengi wenu mko mwishoni mwa mafunzo ya ubingwa na mnajiuliza mwelekee wapi. Nitazungumzia ubobezi wa tiba ya michezo kwa daktari wa huduma ya msingi, kama unavyofundishwa Marekani. Nina jambo moja kubwa la kuwaambia, nalo halipewi nafasi kwenye vipeperushi vya programu. Kazi ngumu kuliko zote utakayojifunza mwaka huo ni kumwambia mtu anayetaka sana kucheza, mbele ya kocha wake na wazazi wake, kwamba leo hachezi.

Njia yenyewe nitaipitia haraka. Unaingia ukiwa umemaliza ubingwa wa tiba ya familia, magonjwa ya ndani, magonjwa ya watoto, tiba ya dharura au tiba ya utengamao, ambao kwa kawaida huchukua miaka 3 au 4. Ubobezi ni miezi 12 katika programu iliyoidhinishwa na ACGME, baraza la Marekani linaloidhinisha mafunzo ya ubingwa na ubobezi wa madaktari. Nafasi hugawiwa kwa mfumo wa kuoanisha: wewe unazipanga programu kwa jinsi unavyozipenda, nazo zinawapanga waombaji, kisha kompyuta inaamua. Ukimaliza, unafanya mtihani wa cheti cha nyongeza, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1993. Wapasuaji wa mifupa wana ubobezi wao wa michezo, wanaouanza baada ya ubingwa wa miaka 5. Njia hizo mbili msizichanganye.

Najua kuna wanaohofia kwamba bila kisu watakuwa wasaidizi wa mpasuaji. Hofu hiyo haina msingi, kwa sababu majeraha mengi ya michezo hayahitaji upasuaji. Yanahitaji daktari anayejua kuuliza, kugusa, kusubiri, na kufanya kazi bega kwa bega na mtaalamu wa fiziotherapia. Chukueni kifundo cha mguu kilichoteguka. Tangu Ian Stiell na wenzake walipochapisha kanuni za Ottawa mwaka 1992, tunajua kwamba mikono ya daktari ikibonyeza sehemu chache maalumu za mfupa bila mgonjwa kuhisi maumivu, na mgonjwa akiweza kupiga hatua 4, mara nyingi picha ya eksirei haina haja. Utajifunza pia ultrasaundi ya misuli na viungo, hadi uweze kuona kano ikiteleza huku mgonjwa akizungusha bega, na kuongoza sindano kwa kuiangalia.

Na kuna wagonjwa ambao ubingwa wako wa awali ndio utakaowaokoa. Anakuja binti mkimbiaji mwenye maumivu ya kinena yanayozidi akikimbia. Asiyemsikiliza atasema ni msuli. Wewe unamuuliza kuhusu chakula, usingizi na hedhi, unagundua hajapata hedhi kwa miezi kadhaa na anakula kidogo kuliko anachotumia mwilini. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu huu wa nishati, likieleza kwamba unagusa mifupa, homoni, moyo, kinga na akili, na kwamba hata wanaume wanaupata. Kwa binti huyu unaagiza picha ya MRI, kwa sababu eksirei ya mwanzo inaweza kuonekana safi huku shingo ya mfupa wa paja tayari ina ufa. Akiendelea kukimbia, mfupa ule unaweza kuvunjika kabisa, na hapo maisha yake ya riadha yamo hatarini. Kumsimamisha ni hatua ya kwanza tu. Baada ya hapo kuna miezi ya kumfuatilia, pamoja na mtaalamu wa lishe na mara nyingi mshauri wa afya ya akili. Programu isiyokupa kliniki yako mwenyewe, ya kuwaona wagonjwa walewale tangu unapoanza hadi unapomaliza, haiwezi kukufundisha haya.

Sasa twende pembeni mwa uwanja. Hapo huna maabara wala muda. Mchezaji ameanguka kwa joto, anaongea maneno yasiyoeleweka. Kipimajoto cha kwapani au cha mdomoni kitakudanganya. Unahitaji joto la ndani, linalopimwa kwenye njia ya haja kubwa. Likizidi nyuzi 40 na akili yake imevurugika, anaingizwa kwenye beseni la maji ya barafu palepale. Anapozwa kwanza, gari la wagonjwa baadaye. Nasisitiza hili kwa sababu silika ya kila mtu ni kumkimbiza hospitali, na dakika zinazopotea njiani ndizo zinazoharibu viungo vya ndani.

Kuna pia anayeanguka mwisho wa marathoni kwa sababu amekunywa maji kupita kiasi na chumvi ya damu imeshuka. Katika utafiti uliofanywa kwenye marathoni ya Boston ya mwaka 2002, asilimia 13 ya wakimbiaji 488 waliopimwa walikuwa na chumvi pungufu. Ukimwekea mtu wa namna hiyo dripu kwa mazoea tu, unaweza kumzidishia.

Kuhusu moyo, mlishuhudia wenyewe mchezaji wa soka Christian Eriksen akianguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, na Damar Hamlin wa soka ya Kimarekani akianguka Cincinnati tarehe 2 Januari 2023. Wote wako hai kwa sababu watu waliokuwa uwanjani walianza kubonyeza kifua mapema na mashine ya kushtua moyo ilikuwa karibu. Mpango wa dharura huandikwa na kufanyiwa mazoezi kabla ya msimu. Katika mwaka wenu wa ubobezi, ombeni muuandike ninyi.

Lakini moyo uliosimama hauna mjadala, hakuna kocha atakayebishana nawe. Mjadala uko kwenye mtikisiko wa ubongo. Mchezaji amesimama, anatabasamu, anasema yuko sawa, timu iko nyuma kwa bao moja. Mikutano ya wataalamu ilianza Vienna mwaka 2001, wa sita ukafanyika Amsterdam mwaka 2022, na msimamo uko wazi: ukishuku tu, anatoka, na siku hiyo harudi. Mwaka 2009 jimbo la Washington lilipitisha sheria hiyo kwa vijana, baada ya mvulana wa miaka 13 kurudishwa mchezoni akiwa ameumia kichwa na kupata madhara makubwa ya ubongo. Kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria za aina hiyo. Hata hivyo sheria haisimami kwenye nyasi. Wewe ndiye unayesimama pale, na wakati mwingine mshahara wako unapitia kwa timu hiyohiyo inayotaka mchezaji wake.

Kwa hiyo mnapochagua programu, nawasihi msivutwe na nembo za timu kubwa. Nimewaona vijana wazuri wakitumia mwaka mzima nyuma ya mgongo wa daktari mkuu, wakibeba mkoba, bila kuamua hata jambo moja. Mechi ya shule ya sekondari siku ya Ijumaa usiku, ambapo ni wewe, mtaalamu mmoja wa huduma kwa wanamichezo na begi lako, itakufundisha zaidi. Kwenye usaili ulizeni utasimamiwaje pale, na kama mwalimu anapatikana kwa simu. Ulizeni nani ana neno la mwisho kuhusu mchezaji kurudi uwanjani, na kama limeandikwa kwenye mkataba. Kisha mtafuteni mbobezi anayemaliza mwaka, mkae naye faragha, mmuulize mara ya mwisho alipomzuia mchezaji na kocha akakasirika, walimu wake walisimama upande gani. Akisitasita kujibu, ishusheni programu hiyo chini kwenye orodha yenu.

Naishia hapo. Karibuni maswali.