Viatu juu ya tapi

MADO: Karibuni kwenye kipindi. Kazadi leo ana uso wa mtu anayedaiwa kodi ya miezi mitatu.

KAZADI: Yaya, wacha tu. Jumamosi nilienda Kamalondo, Lubumbashi, mtoto wa dada yangu alikuwa na mieleka.

MADO: Mieleka, ao ile kechi yenu, mieleka ya maonyesho, ya madawa na mapembe?

KAZADI: Mieleka! Dakika 2 mara 2. Yeye hakumaliza hata moja. Pointi 10 kwa sifuri, refa akakata pambano. Mtoto akampa mwenzake mkono, akakaa katikati ya tapi, ule mkeka wa mieleka, akavua viatu, akaviacha pale. Akatoka pekupeku.

MADO: Kama Mijaín López, yule mwanamieleka wa Kuba aliyestaafu kwa kuacha viatu!

KAZADI: Yaya, López aliviacha Paris 2024, akiwa na miaka 41 na dhahabu ya tano ya Olimpiki. Huyu ana 14, na viatu si vyake. Ni vya binamu yake, aliyekuwa apigane baada yake!

MADO: (anacheka) Mungu wangu.

KAZADI: Binamu anaitwa, viatu viko kule, hakuna anayethubutu kuvigusa. Watu wanapiga makofi, wanadhani ni heshima.

MADO: Namba ngapi?

KAZADI: Viatu 39. Mguu 41.

MADO: Basi hakustaafu. Alikuwa anapumzisha vidole!

KAZADI: Cheka tu. Jumatatu nilitaka kumrudisha mazoezini, dada akakataa.

MADO: Dada ana haki. Mwache mpaka aombe mwenyewe. Hata akienda kupiga mpira mwezi mzima, mwili bado unajifunza.

KAZADI: Mwezi? Woga unaota mizizi kwa siku tatu! López mwenyewe Athens 2004 alirudi bila medali. Angesubiri kuombwa?

MADO: López alikuwa mtu mzima. Huyu ni mtoto. Na wewe ulikuwa unapiga kelele gani pale pembeni?

KAZADI: ...«Simama, mwanaume.»

MADO: Ahaa.

KAZADI: Kila mjomba anasema hivyo!

MADO: Ndiyo maana tapi ikawa ndogo. Alikuwa anapigana na wawili.

KAZADI: Hapana. Ukimfundisha kwamba kuanguka ni likizo, kesho ataacha masomo pia.

MADO: Na ukimfundisha kwamba nyumbani anapendwa akishinda tu, utampeleka mazoezini mpaka miaka 16, halafu hutamwona tena.

KAZADI: Sikubali.

MADO: Hata mimi.

(kimya)

KAZADI: Tulikuwa na mambo matano ya kuwaambia wazazi. Kupima uzito bila kumnyima mtoto bukari (ugali), usingizi, kupumua zile sekunde 30 za mapumziko katikati...

MADO: Kuran (umeme) inakatika saa mbili, tuna dakika moja. Chagua.

KAZADI: Usingizi... hapana, uzito. Kwa sababu mtoto akilala njaa...

MADO: Ngoja kwanza, viatu viko wapi sasa?

KAZADI: Ndani ya gari.

MADO: Gari yako ile ya mlango mmoja?

KAZADI: Binamu amekataa kuvichukua. Anasema vimestaafu.